Nyekundu ya Mpungate

Zulia la kwanza lilining'inia Oaxaca mjini,
ubavuni mwa kanisa, kwenye kamba ya nailoni.
"Sufu tupu," kijana akaapa, "bibi yangu kalifuma,"
na kabla sijafungua mdomo bei ikaanza kuteremka:
peso elfu mbili, elfu moja na nusu, mia tisa, kwa ajili yako tu, rafiki.
Bei inayokimbia bila kufukuzwa
ina jambo inaloliogopa.
Nikamwambia nitarudi,
neno ambalo wauzaji wa dunia nzima
hulielewa kwa lugha yoyote.

Asubuhi nikapanda basi la Teotitlán,
nikashuka njia panda, nikafuata harufu ya kondoo waliolowa
mpaka kwa Doña Eufrosina Lazo,
aliyesimama mbele ya kitanda cha mfumi kama mtu aliye kazini.
Hakuniita rafiki.
Alichomoa uzi mmoja, akauwashia kiberiti.
"Nusa."
Harufu ya nywele zilizoguswa na kichana cha moto.
"Uzi wa plastiki," alisema, "hulia machozi, kisha hugeuka shanga."

Akaniwekea kiganjani vidudu vitatu vikavu,
vya kijivu kama vumbi la kabatini,
vilivyonenepa kwa kunyonya mpungate nyuma ya nyumba.
Akavisaga kwa kidole gumba: damu.
Tone la ndimu: chungwa.
Chembe ya chokaa: zambarau.
Mkono wangu ulishapata rangi tatu
na mfuko haujafunguliwa.

Nilitaka lile kubwa, la ukuta mzima.
Elfu tisa. Nikasema tano,
maana nilifundishwa kwamba mgeni asiyevutana bei
hunyolewa bila maji.
Akamtupia mumewe neno moja la Kizapoteki;
mume akacheka mpaka gurudumu la kusokotea likasimama.
Sikukasirika. Kicheko kile kilikuwa hesabu:
wiki kumi na moja
za miguu isiyokaa.

Kisha akaniuliza, kama asiye na haja na pesa zangu:
"Begi lako linaruhusiwa kilo ngapi?
Sakafu yako ina rangi gani?
Nani atalikanyaga?"
Sikuwa na jibu hata moja.
Nilikuwa na ukuta wa kuwaringishia wageni, basi,
na ukuta wenyewe wa kupanga.
"Hili utalilipia mara mbili," alisema, "kwangu na kwenye ndege.
Tazama lile."

Lile lilikuwa dogo, upana wa msala,
na katikati mstari mmoja umekolea kuliko wenzake.
"Ni kosa?" niliuliza, nikinusa punguzo.
"Ni mvua. Juma zima sufu ilikataa kukauka."
Elfu mbili na mia nne.
Nikatoa elfu mbili na mia tano,
naye akaihesabu chenji kwa sauti, sarafu moja moja,
asije mtu akasema.

Jioni nikapita tena ubavuni mwa kanisa.
"Umerudi!" kijana akapiga kelele. "Mia saba!"
Akaona fundo kwapani mwangu.
Akaligeuza pembe, akachungulia upande wa nyuma,
kule ambako mafundi husomana,
akairudisha pembe taratibu kama anayemfunika mtoto.
"Safari njema," alisema.
Safari hii hakusema rafiki,
na nadhani ndipo alipomaanisha.

Usiku wa mwisho, chumbani,
nilikuwa nakamulia ndimu panzi wa kukaanga
tone likaruka, likatua kwenye zulia.
Nikadaka kitambaa, moyo mkononi.
Polepole, chini ya taa dhaifu,
nyekundu ikaanza kugeuka chungwa:
doa la ukubwa wa ukucha,
nami nikalitazama kama barua iliyotiwa sahihi.

Nikakiacha kitambaa.
Nikaendelea kula panzi.